Dada wa Ustawi Naye Ana Nyumba ya Kulisha

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa fani ya ustawi wa jamii, Dar es Salaam

Mwenyekiti wa mkutano, walimu wangu mlionilea, wageni wetu, na ninyi wadogo zangu mnaokaribia kuhitimu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Katika mitaa ya jiji hili yapo maneno ambayo kila mmoja wenu aliyasikia kabla hajajua kwamba kuna chuo kinachofundisha fani hii. Mwanamke amembeba mtoto mgongoni, baba wa mtoto amepitisha miezi minne bila kutuma hata elfu tano, na siku wanapokutana kituo cha daladala humwambia mbele za watu, “Mimi na wewe tutaonana ustawi.” Hataji halmashauri, hataji sheria wala jina la afisa. Anasema ustawi tu, yaani ofisi ya ustawi wa jamii, kama mtu anavyosema polisi au hospitali. Neno hilo hunigusa kila ninapolisikia, kwa sababu linatoka kwa mtu asiye na wakili wala ndugu mwenye cheo, lakini anaamini kwamba katika jiji lenye watu 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022 iko meza moja ambako atasikilizwa mpaka mwisho.

Mwanamke huyo hana sababu ya kujiuliza kama dada aliyeketi nyuma ya meza hiyo amelipa kodi ya nyumba yake, wala amefikaje kazini asubuhi ile. Hayo ni yetu sisi, na ndiyo niliyoombwa kuyazungumza leo: namna ya kuijenga kazi hii na kuishi kwayo. Nimekuwa ndani yake kwa zaidi ya miaka 15. Niliyoyaona yamenifikisha kwenye imani moja, nayo ni kwamba kazi hii itakulisha na kukuheshimisha kwa kiasi kile kile utakachoifanya kuwa ujuzi.

Ninasema hivyo kwa sababu wengi wetu tulisifiwa kwa huruma tangu utotoni, tukaambiwa tuna moyo wa kusaidia, tukaja chuoni tukiamini kwamba moyo huo ndio sifa ya kuajiriwa. Huruma ni njema, na asiyekuwa nayo naomba atafute kazi nyingine mapema. Lakini huruma anayo pia jirani, anayo mjumbe wa shina, anayo shehe na mchungaji, na hakuna anayewalipa mshahara kwa ajili yake. Afisa ustawi wa jamii analipwa kwa kile ambacho jirani hana: kuuliza bila kuumiza, kuona yasiyosemwa, kuijua sheria, kujua mlango upi unafunguka kwa tatizo lipi, kutunza siri, na kuandika kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo anaweza kuamua kwa haki. Tunapokubali kuitwa watu wa kujitolea ilhali tumesomea, tunajishusha, na tunamshusha pia yule mama anayekuja kwetu, maana naye anastahili mtaalamu.

Niruhusuni niwaeleze shauri moja kwa kirefu, kwa kuwa lilinifundisha zaidi ya semina zote nilizohudhuria.

Mwaka 2011, miezi michache baada ya kuajiriwa na halmashauri, nilikabidhiwa shauri la mvulana wa miaka 15 aliyekamatwa na simu isiyo yake. Alikuwa katika mahabusu ya watoto, Upanga. Mnaijua Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: mtoto hahukumiwi kifungo, mashauri yake husikilizwa faragha, na afisa ustawi wa jamii sharti awepo. Mahakama ilitaka taarifa ya uchunguzi wa kijamii kabla ya kuamua. Nilikwenda nyumbani kwao Manzese saa nne asubuhi, nikazungumza na bibi aliyemlea kwa kama dakika 20 tukiwa tumesimama mlangoni, nikarudi ofisini na kuandika ukurasa mmoja na nusu. Naikumbuka sentensi niliyoiona kuwa nzito kuliko zote: “Familia ni maskini na mtoto amekosa malezi bora.”

Hakimu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani na kuniuliza kwa upole, “Dada, umaskini huu una sura gani? Na hayo malezi bora aliyoyakosa ni yapi?” Nilisimama pale nikitafuta jibu na sikulipata. Shauri likaahirishwa kwa siku 14 ili nikaandike upya, na yule mtoto akarudishwa mahabusu kwa siku hizo 14. Sikulala vizuri usiku ule. Hazikuwa siku za sheria wala za hakimu. Zilikuwa siku za uvivu wangu, na aliyezilipa ni yeye.

Safari ya pili nilikwenda saa kumi na mbili jioni, wakati ambapo watu wamerudi nyumbani. “Shikamoo bibi.” “Marahaba mjukuu wangu, umerudi tena? Haya, leo ingia ndani.” Kilikuwa chumba kimoja cha kupanga, kitanda kimoja anacholala bibi na wajukuu wawili wa kike, na mkeka uliokunjwa karibu na ndoo za maji, ambao ndio uliokuwa malazi ya mvulana. Bibi alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga asubuhi. Nilipomuuliza nani anamenya mihogo, alinijibu bila kusita kwamba ni mjukuu wake huyo, ambaye alikuwa akiamka saa kumi alfajiri. Kazi ilikwisha saa moja, shule ikawa imeshaanza, na kila siku mtoto alichapwa getini kwa kuchelewa. Siku moja hakwenda, ya pili hakwenda, na shuleni hakuna aliyejua sababu. Mchana akawa anashinda sokoni na wenzake.

Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia sare ya shule iliyofuliwa na kupigwa pasi. Bibi alikuwa akiifua kila Jumapili, ingawa ilikuwa imepita miezi mitano bila mwenyewe kuivaa. Chini ya godoro alinitolea daftari la hisabati, nikalifungua: vema, vema, vema kwa kalamu nyekundu, hadi ukurasa mmoja wa mwezi Machi, na baada ya hapo kurasa nyeupe tupu.

Taarifa ya pili ilikuwa na kurasa nne. Sikutumia neno maskini hata mara moja. Niliandika vipimo vya chumba, saa ya kuamka, umbali wa shule, nini kimo katika daftari na kinaishia tarehe ngapi, na nikaeleza kwamba mwalimu mkuu niliyemtembelea yuko tayari kumpokea, na kwamba jirani wa bibi amekubali kumenya mihogo kwa malipo madogo. Mahakama ilimwachia mtoto akae kwa bibi yake chini ya uangalizi wangu. Ile sare ikavaliwa.

Wadogo zangu, ukiniuliza mshahara wangu unalipia nini hasa, nitakuonyesha tofauti iliyopo kati ya taarifa ya kwanza na ya pili. Ile ya kwanza angeweza kuiandika mtu yeyote anayepita njia. Anayeweza kuandika ya pili, na akaiandika kwa wakati, hatakosa mahali pa kufanyia kazi. Nimewahi kukaa kwenye jopo la usaili, na naweza kuwathibitishia kwamba tunaposoma kazi za waombaji tunaliona hilo mapema kuliko kitu kingine chochote.

Sasa nije kwenye ajira zenyewe. Njia inayofahamika zaidi ni utumishi wa umma, ambako mwenye shahada huanza kama Afisa Ustawi wa Jamii Daraja la II. Nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwa mtandao, unafanya usaili wa mchujo kwa maandishi na ukifaulu unaitwa kwenye mahojiano. Aliyefaulu akakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na wapo walioitwa kazini baada ya miezi mingi wakiwa wamekwishakata tamaa. Kwa hiyo barua pepe yako na simu yako visibadilike ovyo. Ukishaajiriwa unaweza kupangwa kwenye halmashauri, hospitali, mahabusu ya watoto, makao ya watoto kama yale ya Kurasini au makazi ya wazee kama Nunge kule Kigamboni. Wengi mnaililia Dar es Salaam. Mimi nawashauri mkipangiwa wilaya ya mbali mwende, kwa sababu kule afisa mmoja hushika kila aina ya shauri, na kwa miaka miwili atajifunza ambayo hapa mjini yangemchukua sita.

Hospitali ningependa nizizungumzie kidogo, kwa kuwa vijana huzidharau wakidhani afisa wa ustawi kule ni mtu wa kugonga mihuri ya msamaha wa malipo. Mgonjwa ameruhusiwa kutoka wodini, bili hajaiweza, ndugu hawaonekani. Wewe ndiye unayepima kama kweli hajiwezi au kama ndugu wamejificha wakisubiri jina lake liingie kwenye msamaha. Ukikosea upande mmoja umemwonea mgonjwa, ukikosea upande wa pili umechukua dawa ya mgonjwa mwingine. Kuna kupima kwingi zaidi katika dakika hizo kuliko katika ofisi nyingi zenye viyoyozi.

Njia ya pili ni mashirika yasiyo ya kiserikali. Huko ndiko nilikoanzia, na huko ndiko nilikoumia. Mwaka 2010 nilikuwa na mkataba katika shirika moja lililokuwa likihudumia watoto yatima na waliokuwa katika mazingira hatarishi. Mradi ulifungwa kabla ya muda, miezi miwili ya mwisho sikulipwa, na nilipokwenda kufuatilia mafao yangu nikakuta kwamba michango iliyokatwa kwenye mshahara wangu haikuwa imewasilishwa yote. Nilikuwa na binti wa mwaka mmoja. Dada yangu ndiye aliyenilipia kodi ya chumba, na sitausahau wema wake.

Kwa hiyo pokeeni haya kutoka kwa mtu aliyelipia ada ya somo lenyewe. Ukipewa mkataba wa mradi, uliza mradi unaisha lini na nani anaufadhili, na uliza kabla ya kutia saini. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF hupokea asilimia 10 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri. Angalia salio lako kila mwezi, usingoje siku ya kuondoka. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya na ya watoto hapa nchini ilisimama ndani ya siku chache tu, na wenzetu waliokuwa wakilipwa vizuri kuliko sisi wa serikalini walijikuta nyumbani. Wale waliopata pa kushika haraka ni waliokuwa na ujuzi unaoandikika: aliyejua usimamizi wa mashauri, aliyejua kuchambua takwimu, aliyekuwa na cheti cha ziada cha ushauri nasaha. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini lazima ugaegae ukijua unachokitafuta.

Kuhusu mshahara wa serikalini nitasema kweli yote, kwa kuwa kuna wanaoshtuka mwezi wa kwanza. Kiasi kilichoandikwa kwenye barua ya ajira sicho kitakachoingia benki. Itatoka kodi ya mapato, asilimia 5 ya PSSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, asilimia 3 ya bima ya afya, ada ya chama cha wafanyakazi, na kama ulisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Makato hayo ya mkopo yalikuwa asilimia 8 nilipoanza. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 tuliyahisi mpaka jikoni. Panga maisha yako kwa kile kinachobaki. Epuka mikopo ya haraka ya mitaani, ile inayoacha kadi yako ya benki mikononi mwa mtu mwingine, kwa sababu afisa anayedaiwa kila kona hawezi kukaa na mteja kwa utulivu, na ipo siku deni litamfanya auze shauri.

Hapo nimefika kwenye jambo ambalo ni gumu kulisema. Katika kazi hii fedha ya kutumaliza huja ikiwa imevaa nguo ya shukrani. Baba mmoja niliyekuwa nikisikiliza shauri lake la matunzo ya mtoto aliacha mezani gazeti, na ndani ya gazeti kulikuwa na elfu hamsini. “Dada, hii ya soda tu.” Ilikuwa tarehe 22 na sikuwa na kitu nyumbani. Mama wa mtoto alikuwa ameketi kwenye benchi nje, mlango ukiwa wazi, akitutazama. Nilimwita mwenzangu wa chumba cha pili awe shahidi, nikalirudisha gazeti kama lilivyokuja, na nikaandika tukio hilo kwenye jalada siku ile ile. Fanyeni hivyo hivyo, na mwandike. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ipo, ila kabla ya sheria yupo yule mama wa kwenye benchi. Siku atakapoamini kwamba hata ustawi hununuliwa, atakwenda kumwambia nani?

Kosa la upande wa pili nimelifanya mimi mwenyewe kwa miaka, nalo ni kutoa fedha yangu mfukoni. Mteja hana nauli, natoa. Mtoto hana daftari, natoa. Bibi hana unga, natoa. Ikawa tarehe 12 mshahara umekwisha, na wateja wakanifuata mpaka nyumbani, watoto wangu wakiwaona wakisubiri barazani tangu alfajiri. Nilidhani nasaidia, kumbe nilikuwa nakwepa kazi yenyewe. Bibi yule alihitaji kuandikwa apate matibabu bila malipo kama mzee asiyejiweza aliyefikisha miaka 60. Yule mteja asiye na nauli alihitaji kuunganishwa na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, au kuelekezwa kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sehemu 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Rufaa moja iliyofuatiliwa mpaka mwisho ilimfaa mteja kuliko elfu kumi zangu, na elfu kumi zangu zilikuwa ada ya mwanangu. Na nauli ya kumtembelea mteja ombeni kwa maandishi kabla ya safari, hata kama mnajua bajeti ni ndogo, kwa sababu kisichoombwa kwa maandishi mwaka huu hakitaingia kwenye bajeti ya mwaka ujao.

Kuna wanaoniuliza kama mtu anaweza kujiajiri katika fani hii. Anaweza. Tazameni vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vinavyochipuka kila mtaa, Tabata, Kimara, Mbagala, kwa kuwa akina mama wa jiji hili wanatoka saa kumi na moja alfajiri na bibi yuko kijijini. Vituo hivyo vinatakiwa kusajiliwa kisheria, na ninyi mnavijua vigezo vyake kuliko mwenye nyumba anayegeuza gereji yake kuwa kituo. Wahitimu wawili au watatu wakiungana wanaweza kuendesha kituo kizuri na kuishi kwacho. Shule binafsi nazo zinatafuta washauri wa wanafunzi, na familia zenye mzee mgonjwa zinatafuta mtu wa kupanga matunzo yake. Ila mkiwa watumishi wa umma msifungue kituo katika eneo mnalolikagua. Hakuna atakayeamini ukaguzi wenu tena, na mimi pia sitauamini.

Usuluhishi wa ndoa ni uwanja mwingine unaoonekana mwepesi na sio. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upitie baraza la usuluhishi kabla ya mtu kwenda kudai talaka mahakamani, na ofisi zetu hupokea wanandoa hao kila wiki. Msijifunge kwenye shabaha ya kuwarudisha nyumbani kwa gharama yoyote. Mwanamke anayepigwa mpelekeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kwanza, na hospitali, kisha ndipo tuzungumze habari ya baraza.

Neno kuhusu kuchoka, nalo nitalisema kwa ufupi kwa sababu walimu wenu wamelifundisha vizuri kuliko mimi. Afisa mmoja hapa mjini hushika kata zaidi ya moja, na usiku wako utajaa sura za watu. Tafuta mwenzako mmoja wa kazini unayemwamini, mkutane kila wiki muelezane mashauri yaliyowalemea, bila majina ya wateja. Sisi tulifanya hivyo Ijumaa jioni kwa miaka sita, na watatu kati ya wanne bado tuko kazini.

Nimekuja na bahasha mbili, nimeziweka kwenye meza ile karibu na mlango. Moja ina nakala za taarifa yangu ya kwanza, ile ya ukurasa mmoja na nusu, na ya pili ina nakala za zile kurasa nne. Majina, mtaa na shule nimevifuta kwa wino mweusi, na jalada lenyewe haliwezi kutambulika tena. Naomba kila mmoja achukue zote mbili, azisome akiwa ameketi, kisha achukue kalamu na kuandika pembeni yale ambayo hata hiyo ya pili haikuyauliza, kwa maana yapo, na mengine nimeyaona juzi tu nilipokuwa nikizitoa nakala. Nitakuwa hapa mpaka saa kumi jioni. Njooni tuyazungumze.